Ovaroli za Ijumaa

Asubuhi ambayo Achiel Verstuyft aliwatoa njiwa wake, mkewe Godelieve alimtazama kupitia dirisha la jikoni, mikono yote miwili ameiegemeza kwenye ukingo wa karo, maana siku hizo hata kusimama tu kulimtoa pumzi. Njiwa walikuwa thelathini na wanane. Achiel aliwashika mmoja mmoja, akawapuliza manyoya ya shingoni kama alivyozoea, kisha akawatia kapuni. Omer De Backer, aliyeshindana naye kwenye mbio za njiwa tangu wote wawili wakiwa bado na nywele, alisubiri langoni kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuhani.

"Huyu wa kijivu hali mahindi," Achiel alisema.

"Njiwa gani asiyekula mahindi?"

"Huyu. Usibishane nami, Omer. Mpe dengu."

"Wewe umewadekeza. Ndiyo maana wanachelewa kufika."

Siku nyingine yoyote Achiel angemjibu jibu la kumkomesha. Siku hiyo alifunga tu kamba ya kapu, akafunga tena fundo ambalo tayari lilikuwa limefungwa, akaingia ndani bila kuaga.

Daktari wa mtaa ndiye aliyesema njiwa waondolewe. Alisikiliza mgongo wa Godelieve, akauliza kama kuna ndege nyumbani, na aliposikia wapo, akaweka kalamu chini kwa raha ya mtu aliyepata jibu. Vumbi la manyoya linaingia mapafuni, alieleza. Ondoeni ndege, ngojeni wiki sita.

Wakangoja. Kikohozi hakikwenda popote. Waliokwenda na kurudi ni njiwa, kwa sababu njiwa wa mbio hajui kwao kwingine; walitoroka kwa Omer wanne wanne, wakatua juu ya banda tupu na kuanza kuguna. Achiel alitoka na ufagio akawafukuza, akipiga bati na kupiga kelele, "Nendeni! Nendeni kwa Omer, hapa hamna kwenu!" Godelieve alimsikia, na akajua kwa sauti ile kwamba mumewe analia. Hakutoka nje. Walikuwa na miaka arobaini na tisa ya ndoa bila kujaliwa mtoto, wakijuana wawili hao tu, na alijua ni wakati gani wa kutazama na ni wakati gani wa kugeuza uso.

Katika hospitali ya mji wa Ghent walimtoa maji kifuani, chupa moja na nusu, ya rangi ya chai. Akapumua vizuri kwa siku tisa. Siku ya kumi waliitwa kupokea majibu. Daktari alikuwa mwanamke mpole aliyevuta kiti chake akaja kukaa upande wao wa meza, na Godelieve alipoona hivyo tu, akajua kwamba habari si nzuri.

"Ni saratani ya utando unaofunika mapafu," daktari alisema. "Hii karibu kila mara huletwa na kitu kimoja, nacho ni vumbi la asbesto. Inaweza kukaa mwilini miaka arobaini kabla ya kujionyesha. Mama, uliwahi kufanya kazi kwenye meli? Kiwanda cha mabati ya saruji?"

"Nilishona mapazia mpaka nilipoolewa. Baada ya hapo nilikuwa nyumbani."

"Na njiwa?" Achiel alidakia. "Daktari wetu alisema njiwa."

"Njiwa hawana hatia, bwana. Wewe ulifanya kazi wapi?"

"Kituo cha umeme cha Rietsas. Fundi wa turbini. Miaka ishirini na minane."

Daktari aliandika hilo. Kisha akauliza, taratibu sana, kama mtu anayeweka glasi mezani: "Nguo zako za kazi, nani alikuwa akizifua?"

Godelieve ndiye aliyejibu. "Mimi, daktari. Alizileta Ijumaa, mimi nilizifua Jumamosi. Nilizikung'uta kwanza uani, kwa kipigio cha mazulia. Usipozikung'uta, maji yanakuwa uji."

Ndani ya basi la kurudi walikaa kiti kimoja, lakini Achiel alijisogeza mpaka bega lake likagusa kioo, na mkono wake uliozoea kukaa juu ya goti la mkewe aliuweka mfukoni. Ulibaki mfukoni mpaka nyumbani.

Tangu siku ile mzee alibadilika. Alipika, alifagia, alimpelekea dawa na glasi ya maji kwenye sahani, lakini hakumgusa. Akimpa kikombe, alikiweka mezani na kurudi nyuma hatua moja. Usiku alijitandikia kochi. Kutwa alinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikapasuka.

"Mimi siambukizi," Godelieve alimwambia siku moja.

"Najua."

"Basi wewe ndiye unayeambukiza?"

Achiel akachukua ndoo akatoka kwenda kuosha vioo ambavyo alikuwa ameviosha jana yake.

Katikati ya hayo alikuja Silke Maenhout. Alikuwa mwanahistoria wa manispaa, mama wa miaka arobaini hivi, mwenye baiskeli na mfuko mzito wa makaratasi. Kituo cha zamani kilikuwa kimekaa magofu zaidi ya miaka ishirini tangu kilipozimwa, madirisha yamevunjwa na watoto wa shule, na sasa kilikuwa kimekarabatiwa kiwe ukumbi wa watu wote. Silke alipewa kazi ya kuandika historia ya jengo kwenye kuta zake, na kila aliyeulizwa alimtajia jina moja.

"Wanasema Bwana Achiel ndiye aliyejua kila boliti," alisema mlangoni.

"Wamekudanganya."

"Ningependa tu kuuliza juu ya ile mashine ya tatu..."

"Mama," Achiel alisema, "jengo lile lilipaswa kubomolewa. Andika hilo ukutani." Akafunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Godelieve alisikia yote akiwa kitandani. Aliusikia pia mlio wa baiskeli ya yule mama ikiondoka, akahesabu mapigo ya minyororo yake mpaka yakaisha.

Daktari alikuwa amewaeleza kwamba kuna mfuko wa serikali kwa wagonjwa wa vumbi lile, na kwamba hata mke aliyefua nguo anaweza kuombewa fidia. Wakapanda treni kwenda Brussels. Godelieve alivaa koti lake la kanisani. Kutoka kituo cha treni mpaka ofisini ni mwendo wa dakika kumi; walitembea dakika arobaini, wakipumzika kwenye kila dirisha la duka kana kwamba wanachagua viatu.

Karani wa dirisha la nne alikuwa kijana nadhifu asiye na ubaya wowote. Alipiga jina kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Hukuajiriwa na kampuni ile ya umeme, mama."

"Sikusema niliajiriwa."

"Basi vumbi ulilipata wapi?"

"Kwenye ovaroli za mume wangu. Nilizifua."

"Sawa. Una uthibitisho?"

"Uthibitisho wa kufua nguo?"

Nyuma yao mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akajikohoza. Godelieve alihisi masikio yake yakiwaka. Karani naye aliona haya, akashusha sauti. Kampuni ilivunjwa zamani, alieleza. Majalada yake hayajulikani yalipo. Unahitajika waraka unaoonyesha kwamba vumbi lile lilikuwemo ndani ya jengo, na angalau shahidi mmoja mbali na mume, aliyeona nguo zikipelekwa nyumbani. Bila hivyo ombi litakaa tu.

"Litakaa mpaka lini?" Achiel aliuliza.

Karani hakujua. Akawapa fomu mbili badala ya moja, kwa huruma.

Njiani kurudi, treni ilipopita mashamba, Godelieve alisema, "Yule mama wa baiskeli. Anayo makaratasi."

"Simtaki yule mama."

"Sijakuuliza unamtaka au humtaki."

Jumanne iliyofuata alitoka peke yake, Achiel akiwa dukani. Alichukua kopo la biskuti za mdalasini na fimbo ya marehemu mama yake. Kituo hakiko mbali, ni mwisho wa mtaa kando ya mfereji, lakini kila miti mitatu alisimama. Jengo lilimwangalia kama lilivyomwangalia maisha yake yote: matofali mekundu, madirisha marefu kama ya kanisa, na juu ya mlango mwaka wa kujengwa, 1911. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amefika langoni kwake zaidi ya mara elfu, na hakuwahi kuvuka. Wanawake hawakuruhusiwa kuvuka lango. Wao walisimama ukutani, penye bomba la maji.

Silke alimwona mlangoni akakimbia kuleta kiti.

"Usinikalishe kwanza," Godelieve alisema akitweta. "Niache nione."

Ndani palikuwa na sakafu ya vigae vyeupe na vyeusi, inayong'aa, na katikati turbini moja waliyoibakiza, kubwa kama nyumba ndogo, imepakwa rangi ya kijani. Mwanga ulishuka kutoka madirishani ukalala juu ya kila kitu. Godelieve alisimama akashangaa. Mumewe alirudi kutoka humu kila siku mweusi kwa grisi na mweupe kwa vumbi, akisema, "Kazi ni kazi tu," na yeye miaka yote alikuwa akifikiria shimo.

"Mbona hakuniambia kama ni pazuri?"

Silke akamkalisha, akamletea kahawa, wakafungua kopo la biskuti. Kisha akamwonyesha ukuta. Historia ilikuwa imepangwa vizuri: wenye viwanda vya nguo waliojenga kituo ili kuendesha vinu vyao, taa ya kwanza ya mtaani, usiku ambao watu walileta viti nje wakakaa kuiangalia, vita ya kwanza, Wajerumani walipong'oa shaba yote, vita ya pili, mafundi walipozika sehemu za mashine kwenye bustani za kabichi ili zisichukuliwe, bomba jipya la moshi, mgomo, na mwaka wa kuzimwa. Majina ya wakurugenzi saba na wahandisi kumi na mmoja.

"Bomba la maji hujaliandika," Godelieve alisema.

"Bomba gani?"

"Ukuta wa kaskazini. Maji yaliyopoza mashine yalitoka moto, walikuwa wakiyamwaga mferejini. Msimamizi mmoja mzee aliona wanawake wanavyohangaika na makaa nyumbani, akatutolea bomba nje. Kila Jumamosi asubuhi tulipanga foleni na ndoo. Hakuna mtaa mwingine uliokuwa na maji ya moto ya bure, mama. Wenzetu wa ng'ambo ya mfereji walituonea kijicho mpaka wakatuita malkia." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. "Zilifuliwa kwa maji hayo, ovaroli. Za kituo kwa maji ya kituo."

Akaeleza alichokuja kutafuta. Silke aliacha kuandika. Aliinuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi na sanduku la mbao lililookotwa chini ya ngazi wakati wa ukarabati. Ndani mlikuwa na daftari za matengenezo, na bahasha ya picha. Kila Julai mashine zilisimamishwa; kila Julai kulikuwa na orodha: magunia ya unga wa asbesto, mablanketi ya asbesto ya kuvika mabomba, tarehe, sahihi. Na picha moja, nyuma yake imeandikwa kwa penseli, 1966. Wanaume kumi na wawili weupe pee kama waoka mikate, wamekaa juu ya magunia wakila mkate. Mmoja amemrushia mwenzake donge la ule unga uliolowekwa, limemgonga shavuni, na aliyegongwa anacheka kinywa wazi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Huyo ni Achiel," Godelieve alisema. "Mtazame alivyokuwa mzuri."

Hapo mlangoni mzee mwenyewe alikuwa amesimama. Alirudi kutoka dukani akakuta nyumba tupu, akakumbuka maneno ya kwenye treni, akakimbia na mfuko wa viazi bado mkononi. Hakuwa ameikanyaga sakafu ile tangu 1984. Aliifuata sauti ya mkewe mpaka pale, akaiona picha juu ya mapaja yake.

"Tuliuita theluji," alisema. Hakuna aliyemwuliza. "Theluji ya Julai. Tulirushiana kama watoto. Hakuna aliyetuambia neno. Ijumaa nikaukunja mzigo ule, nikautia kwapani, nikakuletea. Nikakuletea, Lieve. Kwa mikono hii." Akaitazama ile mikono iliyopasuka. "Mimi ndiye niliye..."

"Nyamaza."

"Lazima niseme."

"Umesema miezi miwili bila kufungua mdomo, sasa zamu yangu." Godelieve alivuta pumzi, maana alihitaji nyingi. "Uliniletea mzigo wa nguo chafu na bahasha ya mshahara. Vyote viwili pamoja, kila Ijumaa, na hukuwahi kuifungua ile bahasha kabla yangu. Mimi nilifua kwa sababu nilitaka utoke msafi Jumatatu, wasije wakasema mke wa Verstuyft ni mvivu. Nilijivunia, unanisikia? Hakuna aliyekuwa na kamba ya nguo kama yangu. Aliyejua habari za vumbi alikaa ofisini na hakurudi nalo nyumbani. Huyo namwachia Mungu, au namwachia mama huyu amwandike. Lakini wewe ukisema uliniletea sumu tu, umenifutia miaka arobaini na tisa. Sikuishi kwa sumu mimi. Niliishi vizuri. Nashukuru. Usinipokonye."

Achiel alisimama na mfuko wake wa viazi. Silke alikuwa amegeukia dirisha.

"Sasa nipe mkono nisimame," Godelieve alisema. "Na usirudi nyuma."

Akampa mkono. Hakurudi nyuma.

Waraka ulikuwa umepatikana, shahidi bado. Kati ya wale kumi na wawili wa picha, waliokuwa hai ni wawili, Achiel na aliyerusha donge. Aliyerusha donge alikuwa Omer.

Achiel alimkuta jikoni akichagua dengu kwenye sinia.

"Kumbe unampa dengu," alisema.

"Hataki kula kitu kingine, mshenzi yule. Kaa."

Achiel akakaa, akaeleza yote, akaweka fomu mezani. Omer alisoma polepole kwa kidole. Swali la tano lilisema: *Je, uliona nguo za kazi zikipelekwa nyumbani kufuliwa?*

"Swali la kipumbavu," Omer alisema. "Zingefuliwa wapi kwingine? Hata za kwangu Paula ndiye aliyezifua. Jumamosi, bega kwa bega na Lieve pale bombani, wakisema ovyo juu yetu." Akainua kalamu. Kalamu ikasimama hewani.

Mkewe Paula alikufa miaka kumi na moja kabla ya hapo. Ilianza na kikohozi. Halafu maji kifuani. Kwenye cheti waliandika homa ya mapafu, na Omer, ambaye alikuwa amegombana naye majira yale ya baridi juu ya dirisha la chumbani ambalo yeye mwenyewe alipenda kuliacha wazi, alijilaumu yeye na lile dirisha kwa miaka yote kumi na moja. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Walimtoa maji?" Achiel aliuliza kwa upole. "Rangi ya chai?"

Omer aliitikia kwa kichwa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akasema, "Basi halikuwa dirisha."

"Halikuwa dirisha, Omer."

"Miaka yote hii." Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayetua gunia. Kisha akatia sahihi, kwa herufi kubwa, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. "Mwambie yule mwanamke wa historia. Mwulize kama kuna mahali pa kuandika jina la mtu aliyekwishakufa."

Mahali palikuwepo. Silke alipafanya pawepo. Alikwenda kwa wakubwa wake wa manispaa na daftari za Julai, akaambiwa kwamba kuta zimekwishachapishwa na ufunguzi ni wiki mbili zijazo. Akajibu kwamba ukuta wa kaskazini haukuchapishwa, ni mtupu. Akapiga hodi nyumba kwa nyumba mtaa mzima, na Godelieve akiwa kwenye kiti cha mbele cha gari la Omer, akimwelekeza: pale aliishi fulani, mwenye ndoo ya buluu, pale fulani, aliyekuwa akisukuma foleni. Walipata majina sitini na moja. Kumi na tisa kati yao walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kifua. Si wote kwa vumbi, Silke alisema kwa uangalifu, hatuwezi kujua. Lakini aliwaandika wote sitini na mmoja, kwa alfabeti, na juu yake sentensi moja: *Hawa walifua nguo za kituo.*

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi ya Septemba yenye jua. Meya alihutubia muda mrefu juu ya matofali. Wakatoa bia na vipande vya jibini juu ya vijiti. Kisha wakamwita Achiel, naye akasimama mbele ya turbini kwa suti iliyokuwa imempwaya, akatoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mimi nilitunza mashine hii," alisema. "Ilikuwa mashine nzuri. Usiku wa krismasi moja taa za Rietsas zilikuwa zizimike, hazikuzimika, na nilikuwepo. Nashukuru kwa kazi hiyo. Wenzangu wengi hawapo. Lakini wageni wengi wameniuliza leo nani aliyeendesha jengo hili, nami nawaambia, nendeni ukuta wa kaskazini mkasome. Mke wangu yupo pale. Amekaa kwenye kiti, ana koti la kijani. Msimchoshe, lakini msalimieni."

Wakaenda. Kwa muda wa saa nzima watu walipanga foleni pale pale ambapo upande wa pili wa ukuta ilipangwa foleni ya ndoo, wakampa mkono Godelieve mmoja baada ya mwingine. Wanawake kumi na wanne wa zamani walikuwa wamekuja, wengine kwa vigari vya kusukumwa. Mmoja wao aliingia, akatazama vigae vile vyeupe na vyeusi, akasema kwa sauti kubwa, "Kumbe washenzi hawa walikuwa na sakafu kama hii, na jikoni kwangu simenti!" Ukumbi mzima ukacheka, meya naye. Omer hakucheka. Alisimama mbele ya herufi D, kidole chake juu ya jina moja, kofia mkononi, na alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Barua ya mfuko ilikuja Oktoba. Ombi limekubaliwa. Karani wa dirisha la nne alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake chini ya herufi za mashine: anaomba radhi kwa kile kicheko kwenye foleni, ingawa hakikuwa chake. Godelieve aliusoma mstari huo mara mbili, akasema yule kijana amelelewa.

Daktari alisema hali itashikilia mpaka majira ya kuchipua, pengine. Hakuahidi zaidi.

"Unataka nini?" Achiel alimwuliza. "Sema chochote. Sasa pesa tunazo."

Alifikiri siku mbili. Kisha akasema anataka kwenda pwani, De Haan, si kwenda na kurudi kwa tramu kama walivyofanya kila kiangazi na mikate yao ndani ya karatasi, bali kulala. Hotelini. Wiki nzima.

Walipewa chumba cha ghorofa ya kwanza chenye dirisha linalotazama bahari ya kijivu. Mhudumu aliyebeba mizigo alipoondoka, Godelieve aliketi kitandani akapitisha kiganja juu ya shuka. Akaikunja ncha yake, akaisugua katikati ya vidole viwili, akaileta puani.

"Zimefuliwa vizuri," alisema. "Zimesuuzwa mara tatu hizi. Na zimeanikwa nje, hazikukaushwa kwa mashine. Nani amezifua?"

"Nitajuaje mimi?"

"Kaulize."

Achiel akaenda kuuliza. Mtu wa mapokezi alidhani ni malalamiko, akaanza kuomba msamaha, ikabidi aelezwe mara mbili. Mwishowe akawaonyesha ngazi za nyuma. Zilikuwa ngazi kumi na nne, na Godelieve alizishuka zote, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshikwa na mumewe, akipumzika kila ngazi ya pili.

Chini kulikuwa na chumba chenye mvuke. Mwanamke wa Kipolandi, mwenye mikono mikubwa na kitambaa kichwani, aliacha alichokuwa akifanya. Aliwatazama wazee wale wawili waliovaa nguo za safari, akajifuta mikono kwenye aproni, akangoja kuambiwa kosa lake.

"Wewe ndiye unayefua mashuka?" Godelieve aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kuna doa?"

"Hakuna doa. Nimekuja kusema ahsante."

Mwanamke yule hakuelewa, akamtazama Achiel, ambaye alikuwa akitazama sakafu na kutabasamu. Kisha akaelewa, na uso wake ukawaka mpaka shingoni. Alisema ameshafanya kazi pale miaka sita, na hakuna mgeni aliyewahi kushuka ngazi zile. Akavuta kiti, akakipangusa kwa aproni. Godelieve akakaa. Aliangalia marundo ya nguo, makopo ya sabuni yaliyopangwa kwenye rafu, na mvuke uliokuwa ukipanda mpaka darini.

"Na madirisha haya," alisema, akinyoosha fimbo yake kuelekea juu, "unayafungua lakini?"

"Kukiwa na baridi, hapana, mama."

"Yafungue," Godelieve alisema. "Hata kukiwa na baridi. Achiel, mfungulie."

Na Achiel akavua koti lake, akapanda juu ya kreti, akafungua madirisha yote matatu.